Tingatinga Lisiitangulie Sheria

Alama ya X iliyopakwa ukutani kwa rangi nyekundu ni maandishi ambayo kila mkazi wa Thika na Ruiru huyasoma bila kufundishwa. Haina tarehe, haina saini, haina muhuri. Haitaji ofisi iliyoiandika wala haimwelezi mwenye nyumba pa kwenda kupinga. Hata hivyo, familia iliyolala nyuma ya ukuta huo huamka ikijua kwamba siku zake za kukaa hapo zimehesabiwa, na kwamba aliyezihesabu hakuona haja ya kujitambulisha.

Twauliza katika tahariri hii swali moja. Je, mamlaka ya mahali, yaani baraza la manispaa la jana na serikali ya kaunti ya leo, inaweza kuichukua nyumba ya mwananchi kwa njia gani, na ni wakati gani kuchukua huko hugeuka kuwa unyang'anyi? Wengi wa wasomaji wetu, wanaharakati na washiriki wa makanisa vilevile, wamezoea kuamini kwamba sheria ya utwaaji wa ardhi kwa lazima ndiyo adui. Wanapoisikia ikitajwa huiona kama upanga mkononi mwa mkubwa. Msimamo wetu ni tofauti. Sheria hiyo, ikifuatwa neno kwa neno, ndiyo ngome ya mwenye nyumba. Anayestahili kuogopwa ni afisa anayeikwepa: yule anayeitaka ardhi ya mtu bila kuinunua, na ambaye kwa sababu hiyo humtafutia mtu huyo jina baya kwanza.

Nguvu yenye masharti

Historia ya nguvu hii si ya kujivunia. Mnamo mwaka 1897 utawala wa Waingereza uliichukua sheria iliyotungwa kwa ajili ya Bara Hindi mwaka 1894, ukaifanya itumike huku kwetu ili ardhi ipatikane kwa reli na majengo ya serikali. Wazee wetu hawakuulizwa. Tawi la reli lilipofika Thika mwaka 1913, mashamba yaliyolizunguka yalikuwa tayari mikononi mwa walowezi, na aliyekuwa mwenyeji alikuwa kibarua. Kwa hiyo hatumlaumu mtu yeyote wa Kiambu au Murang'a ambaye, akisikia maneno "kwa manufaa ya umma", hushika mfuko wake.

Baada ya uhuru, Bunge lilitunga Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1968, Sura ya 295. Chini ya sheria hiyo, mabaraza ya miji hayakuwa na uwezo wa kuitwaa nyumba kwa amri yao yenyewe. Ilibidi Waziri athibitishe kwa maandishi mambo mawili: kwanza, kwamba ardhi hiyo yahitajika kwa kazi ya chombo cha umma, pili, kwamba haja hiyo ni kubwa kiasi cha kuhalalisha taabu itakayompata mwenye mali. Fidia ilikuwa bei ya soko pamoja na asilimia 15 ya kufidia usumbufu. Katika kesi ya New Munyu Sisal Estates dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ya mwaka 1972, mahakama ilieleza kwamba bei ya soko ni ile ambayo muuzaji mwenye hiari angetarajia kuipata kwa mnunuzi mwenye hiari. Watu wa Thika wanalijua jina la Munyu. Ni vyema wajue pia kwamba kipimo kilichotajwa katika kesi hiyo hunukuliwa na mawakili hadi leo.

Katiba ya mwaka 2010 ilikaza masharti hayo. Ibara ya 40 yasema kwamba Serikali haiwezi kumnyang'anya mtu mali yake isipokuwa kwa ajili ya umma, kwa kufuata sheria, na kwa kulipa fidia ya haki, kamili na ya haraka. Na kwamba mwenye mali ana haki ya kwenda mahakamani. Ibara hiyo hiyo yaruhusu hata mkaaji asiye na hati, lakini aliyeishi mahali hapo kwa nia njema, afidiwe. Kisha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 ikaifuta ile ya 1968 na kuweka utaratibu mpya. Mabaraza yalipoondoka baada ya uchaguzi wa mwaka 2013 na Kaunti ya Kiambu kuchukua nafasi yake, kaunti haikurithi uwezo wa kutwaa. Ilipewa uwezo wa kuomba tu. Waziri wa kaunti hupeleka ombi kwa Tume ya Taifa ya Ardhi, na Tume yaweza kulikataa.

Hebu tuzihesabu hatua hizo, maana ndizo ngazi ambazo tingatinga halina budi kuzipanda kabla ya kufika mlangoni. Tume hutangaza kusudio katika Gazeti Rasmi la Serikali na kumpelekea taarifa kila mwenye maslahi katika ardhi ile. Siku zisizopungua 30 baadaye hufanyika kikao cha uchunguzi, ambacho nacho hutangazwa siku zisizopungua 15 kabla. Katika kikao hicho kila mwenye maslahi huleta dai lake kwa maandishi. Tume hupima, hutoa uamuzi wa fidia kwa kila mmoja peke yake, na hapo ndipo malipo hufuata. Asiyeridhika ana pa kukata rufaa. Hakuna ngazi hata moja kati ya hizi inayoitwa rangi nyekundu.

Tena, sheria imetaja wenye maslahi ni akina nani, na hapa twaomba msomaji asome polepole. Ni yule ambaye jina lake limo katika daftari la ardhi. Ni mke au mume wake. Ni yeyote anayekaa katika ardhi hiyo kwa kweli. Na ni mke au mume wa huyo anayekaa. Mpangaji wa chumba kimoja huko Makongeni anaingia humo. Mjane anayeishi katika nyumba iliyoandikwa jina la marehemu mumewe anaingia. Mama mwenye duka la mboga mbele ya nyumba ya kupanga anaingia, kwa kuwa gharama za kuhama na hasara ya biashara ni miongoni mwa mambo yanayopimwa. Afisa akisema kwamba atazungumza na mwenye hati peke yake, ameipunguza sheria kwa mdomo wake.

Nabothi na jina baya

Ikiwa sheria ni nzuri kiasi hicho, mbona nyumba zabomolewa alfajiri, watoto wakibeba magodoro mvuani? Jibu ni kwamba mara nyingi sheria hii haitumiki kabisa. Kununua kuna gharama. Kuna kikao, kuna mthamini, kuna hundi. Kubomoa kunahitaji mafuta ya tingatinga na polisi wa kulinda. Ili kuvuka kutoka njia ya kwanza hadi ya pili, afisa huhitaji neno moja tu. Husema mwenye nyumba ni "mvamizi", au jengo limo "katika hifadhi ya barabara", au ardhi ilipatikana "kwa njia isiyo halali". Neno hilo likishatamkwa, mwananchi hageuki tu kuwa mtu asiye na nyumba. Hugeuka kuwa mkosaji, na mkosaji halipwi.

Washiriki wa makanisa wanaijua hadithi ya Nabothi Myezreeli. Mara nyingi huhubiriwa kama hadithi ya tamaa. Lakini yafaa tuisome kama wanasheria. Mfalme Ahabu alianza vyema. Alitoa fidia: shamba jingine lililo bora zaidi, au thamani yake kwa fedha. Nabothi alipokataa kuuza urithi wa baba zake, mfalme alikwenda kulala kwa hasira bila kugusa hata tawi la mzabibu. Unyang'anyi haukuanza pale mfalme alipotaka kununua. Ulianza pale barua zilipoandikwa kwa jina lake, mashahidi wa uongo wakapangwa, na mtu mwadilifu akaitwa mkosaji mbele ya watu. Shamba lake lilitwaliwa bila senti kwa sababu alikuwa ameshavikwa jina baya. Mashahidi wa Yezreeli walikuwa wawili. Wa siku hizi huwa ni tangazo la kwenye redio.

Kenya ina mifano yake. Novemba 2011 huko Syokimau, familia zilizokuwa na hati za ardhi ziliona nyumba zao zikibomolewa, zikiambiwa kwamba ardhi ni ya uwanja wa ndege. Mei 2020, wakati wa janga la Korona, maelfu ya watu wa Kariobangi Kaskazini waliondolewa kwa nguvu katika ardhi iliyodaiwa kuwa ya mitambo ya majitaka, licha ya kuwapo amri ya mahakama. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, jina lilikuwa "mkazi wa ukingo wa mto", na familia zilizobomolewa Mathare na kwingineko Nairobi ziliahidiwa shilingi 10,000 kila moja. Hatusemi kwamba nyumba iliyo katika njia ya maji iachwe hadi iue watu. Twasema tu kwamba hatari ya mto haimwondolei mtu haki ya kupewa notisi, kusikilizwa na kuonyeshwa pa kwenda.

Hapa kwetu, barabara kuu ya Nairobi hadi Thika ilipopanuliwa kuanzia mwaka 2009 hadi Rais Kibaki alipoifungua Novemba 2012, majengo na vibanda kando yake vilibomolewa. Barabara yenyewe ni baraka. Anayesafiri kutoka Ruiru kwenda kazini Nairobi hataki kurudi kwenye msongamano wa zamani. Lakini baraka ya wengi isilipiwe na wachache walioambiwa kwamba wao si wa kuhesabiwa. Ndiyo maana sheria ikaweka fidia: ili mzigo wa kitu kinachofaidi umma ubebwe na umma wote, kupitia hazina ya umma, usimwangukie jirani mmoja kwa kuwa tu nyumba yake ilikaa mahali ambapo mhandisi alipitisha kalamu.

Je, wanyakuzi walipwe?

Kuna wenzetu katika harakati za mageuzi watakaotupinga, nao wana hoja nzito. Watasema: sisi tulipiga kelele miaka mingi dhidi ya wanyakuzi wa ardhi ya umma. Tume iliyoongozwa na wakili Ndung'u, iliyoteuliwa mwaka 2003 na kutoa ripoti mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi iliyotwaliwa kwa ajili ya barabara na huduma nyingine ilivyogawiwa watu binafsi, nao wakaiuza. Je, leo mtataka hazina ya umma inunue kwa mara ya pili ardhi iliyokwisha kununua? Mtamlipa mwizi kwa kumrudishia mwenye mali kilicho chake?

La hasha. Hatutaki mnyakuzi alipwe hata shilingi moja. Katiba yenyewe, katika Ibara ya 40(6), imesema kwamba ulinzi wa mali hauifikii mali iliyobainika kupatikana kinyume cha sheria. Na Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management ya mwaka 2023, ilisema wazi kwamba hati pekee haimwokoi mtu ikiwa chimbuko la umiliki wake lina kasoro. Tunayakubali hayo yote. Lakini msomaji atie alama ya wino kwenye neno "iliyobainika". Kubainika ni tokeo la uchunguzi. Lazima awepo aliyebainisha, mahali alipokaa, ushahidi alioupokea, na mtuhumiwa aliyepewa nafasi ya kujibu. Dereva wa tingatinga hawezi kubainisha. Mkuu wa wilaya akizungumza katika baraza hawezi kubainisha. Anayedai kwamba hati ni ya wizi aende katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi akathibitishe. Akithibitisha, sisi tutakuwa wa kwanza kumpigia makofi.

Zaidi ya hayo, tusisahau nani hupatikana ndani ya nyumba siku ya kubomolewa. Mnyakuzi wa kwanza aliuza zamani na kuondoka na faida yake. Anayesimama mlangoni ni mwalimu mstaafu aliyeweka pensheni yake yote katika vyumba sita vya kupangisha. Ramani yake ilipigwa muhuri na baraza. Kodi ya ploti ililipwa kwa baraza hilo hilo mwaka baada ya mwaka, na risiti anazo. Mamlaka iliyoidhinisha jengo, ikapokea kodi yake, na sasa yasema jengo halikupaswa kuwapo, ina maswali ya kujibu kabla ya kuuliza yoyote.

Karatasi za Ruiru

Hatari hii ni kubwa zaidi katika miji yetu miwili kuliko mahali pengi, na sababu ni mbili.

Ya kwanza ni ukuaji wenyewe. Katika sensa ya mwaka 2009 Ruiru ilikuwa na watu wapatao 239,000. Katika sensa ya mwaka 2019 walikuwa zaidi ya 490,000, na Thika zaidi ya 250,000. Mashamba ya kahawa yamegeuka mitaa ya makazi, na Barabara ya Mzunguko ya Mashariki yaishia Ruiru. Watu waliwahi kufika kabla ya mabomba ya majitaka, kabla ya shule, kabla ya barabara za ndani. Sasa vyote hivyo vinatakiwa kupita, na vinapita palipojengwa. Tena, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara wake na kumtaka mwajiri alipe kiasi kama hicho, ili nyumba mpya zijengwe. Ni jambo jema nyumba kujengwa. Litakuwa jambo la aibu iwapo nyumba ya maskini mmoja itabomolewa bila fidia ili ipatikane nafasi ya nyumba ambayo yeye mwenyewe hataweza kuinunua.

Ya pili ni karatasi. Sehemu kubwa ya Ruiru na pembezoni mwa Thika ilinunuliwa kupitia kampuni na vyama vya kununua ardhi vilivyochipuka baada ya uhuru, ambapo mkulima alinunua hisa na kuonyeshwa ploti. Wengi bado wanashika cheti cha hisa, risiti ya mauzo au barua ya kugawiwa iliyotoka kwa baraza. Hati miliki haijafika. Mwenye ploti amefariki, watoto wamegawana vyumba kwa maneno tu, na hakuna aliyekwenda mahakamani kuthibitisha urithi. Siku ya kikao cha uchunguzi, watu wa namna hii hujiona hawana la kusema, nao hukaa nyumbani. Afisa huandika kwamba hakuna aliyejitokeza.

Na huko Kiandutu, ambako wengi hawana karatasi ya aina yoyote, woga ni mkubwa zaidi. Basi na wajue uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Januari 2021 katika kesi ya Mitu-Bell, iliyohusu kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa Wilson, kilichobomolewa mwaka 2011. Mahakama ilisema kwamba watu wasio na ardhi, wakishaweka makazi katika ardhi ya umma, hawapati umiliki wa ardhi hiyo, lakini wanapata haki ya makazi ambayo sheria italinda. Kabla ya hapo, mwaka 2011, Mahakama Kuu iliamuru watu 1,122 waliofukuzwa Medina, Garissa, walipwe shilingi 200,000 kila mmoja na kurudishwa walikotolewa. Na tangu marekebisho ya sheria za ardhi ya mwaka 2016, hata anayekaa isivyo halali hana budi kupewa notisi ya miezi isiyopungua mitatu kwa maandishi. Wanaomwondoa wajitambulishe na waonyeshe idhini yao. Na heshima ya wanawake, watoto, wazee na walemavu izingatiwe. Mvamizi naye ana haki hizo. Sembuse mwenye nyumba?

Fidia isiyofika

Hata pale utaratibu unapofuatwa, kuna mtego mwingine. Chukua mfano wa nyumba na ploti ya futi 50 kwa 100 huko Kimbo, ambayo mthamini ameipa bei ya shilingi 4,000,000. Ongeza asilimia 15 ya usumbufu, yaani shilingi 600,000, na mwenyewe anastahili shilingi 4,600,000. Fedha hizo zikilipwa wiki ya kuhama, atanunua ploti nyingine Juja au Gatuanyaga na kuanza upya. Zikilipwa miaka mitano baadaye, bei ya ardhi imepanda, watoto wameacha shule, na hesabu ile ile imekuwa nusu ya nyumba.

Katiba imesema "haraka". Lakini mwaka 2019 Bunge lilirekebisha sheria na kulieleza neno hilo kuwa ni muda wa kadiri usiozidi mwaka mmoja baada ya ardhi kuchukuliwa. Marekebisho hayo hayo yaliruhusu fidia itolewe kwa njia nyingine, zikiwamo ardhi mbadala na dhamana za Serikali. Twawaonya wasomaji wetu kuhusu mlango huu. Mwenye kampuni kubwa aweza kungoja dhamana ikomae. Mama aliyekuwa akiishi kwa kodi ya vyumba vinne hawezi kupeleka dhamana dukani akapewa unga. Ni jambo linalojulikana nchini kote kwamba Tume ya Taifa ya Ardhi imekuwa ikidaiwa mabilioni ya shilingi na watu ambao mashamba na nyumba zao zilikwisha kupitiwa na barabara na reli. Hatuwezi kuiita fidia ya namna hiyo kununua. Huko ni kukopa kwa nguvu kutoka kwa asiye na uwezo wa kukopesha, ingawa sheria imeweka riba juu ya ucheleweshaji.

Kwa nini jambo hili ni la wanamageuzi

Kuna atakayesema kwamba kampeni ya mageuzi ijishughulishe na kura, vyama na Katiba, nayo mambo ya ploti iwaachie mawakili. Huyo amesahau mwaka 1990. Tarehe 3 Mei mwaka huo Kenneth Matiba na Charles Rubia walitoa wito wa mfumo wa vyama vingi. Mwezi huo huo, askari wa Tume ya Jiji la Nairobi waliivamia Muoroto na kubomoa vibanda vya maskini, na watu wakaumia. Maina Wanjigi, aliyekuwa Waziri na mbunge wa eneo hilo, alilaani kitendo hicho, naye akapoteza uwaziri. Viongozi wa makanisa walipaza sauti. Wiki chache baadaye ikaja Saba Saba. Wananchi waliona wenyewe kwamba serikali isiyoulizwa maswali katika uchaguzi ndiyo hiyo hiyo isiyogonga mlango kabla ya kubomoa.

Kipengele cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Vyama ni vingi leo, na Katiba ni mpya. Lakini mageuzi hayapimwi kwa idadi ya vyama vilivyosajiliwa. Yanapimwa alfajiri, mlangoni pa mtu asiyejuana na mkubwa yeyote: je, aliyekuja ameleta karatasi au ameleta rungu?

La kufanya

Kwa hiyo twapendekeza mambo machache ambayo parokia, kanisa la mtaa au kikundi chochote cha wakazi chaweza kuyaanza mwezi huu bila kungoja mfadhili.

Mosi, kila kanisa liwe na watu wawili wenye kazi ya kulisoma Gazeti Rasmi na matangazo ya kaunti, na kusoma kwa sauti, baada ya ibada, kila tangazo linalotaja mtaa wao. Taarifa iliyochapishwa Nairobi isiposomwa Kihunguro, kwa mkazi wa Kihunguro haijachapishwa.

Pili, karatasi zikusanywe sasa. Cheti cha hisa, risiti za ploti, ramani iliyoidhinishwa, risiti za mawe na mabati, stakabadhi za maji na umeme, mkataba wa kupanga. Risiti za ujenzi zina uzito wa pekee, kwa kuwa sheria huweza kutolihesabu jengo lililoongezwa katika miaka miwili kabla ya tangazo, mwenyewe asipothibitisha kwamba alijenga kwa nia njema. Nakala zihifadhiwe mahali pengine, maana tingatinga halichagui kabati.

Tatu, familia zilizo na mali kwa jina la marehemu zifungue kesi za urithi mapema, na wajane wasaidiwe kwanza.

Nne, siku ya kikao cha uchunguzi mtu asiende peke yake. Waende wenye hati, wake zao, wapangaji na wenye vibanda, kila mmoja na dai lake la maandishi. Asiyeweza kumlipa wakili atafute msaada wa kisheria. Kituo cha Sheria kimekuwa kikiwatetea maskini wa nchi hii tangu mwaka 1973.

Tano, mtu akikuta alama nyekundu ukutani, aiandikie kaunti siku hiyo hiyo, akitumia haki yake ya kupata habari chini ya Ibara ya 35, na kuuliza: Ni nani aliyeagiza? Kwa sheria gani? Kwa kazi gani ya umma? Tangazo lilichapishwa lini? Fidia iko wapi? Barua hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa. Afisa asiyeweza kujibu maswali hayo matano hana ruhusa ya kuleta mashine.

Kwa wakuu wa Kaunti ya Kiambu na bodi za manispaa za Thika na Ruiru twasema kwa heshima lakini bila kigugumizi. Mkihitaji ardhi kwa ajili ya shule, hospitali au barabara, iombeni kwa njia iliyowekwa na sheria, nasi tutawaeleza majirani zetu kwa nini wahame. Chapisheni orodha ya kila nyumba inayokusudiwa na kila mtu aliyemo, akiwamo mpangaji. Fedha za fidia ziwepo katika bajeti kabla ya mkandarasi kupewa kazi. Na ikiwa kazi ya umma iliyotajwa itakufa njiani, kumbukeni kwamba sheria imewaruhusu wenye ardhi wa awali kupewa nafasi ya kwanza ya kuirudisha, msimgawie rafiki.

Nyumba ni kitu ambacho Mkenya wa kawaida hujenga kwa miaka ishirini, chumba kimoja baada ya kingine, kila jiwe likiwa ni mwezi ambao familia ilikula kidogo. Umma ukiihitaji kweli, na uinunue kama watu waungwana wanavyonunua: kwa kubisha hodi, kwa kupatana, na kwa kulipa kabla ya kuondoka na kitu cha mwenzio.